Vijidudu Vilivyokataa Kushika

Inspekta Dilruba Khandakar aliyapanga madaftari mawili juu ya meza ya maabara, la jalada la bluu kushoto, la kahawia kulia, kisha akavuta stuli akaketi. Ukungu wa Januari ulikuwa umeufunika mji wa Rajshahi tangu alfajiri. Saa nne ilikuwa imekwisha kupita na taa bado zinawaka. Mto Padma, unaoonekana vizuri kutoka dirisha lile siku nyingine, leo haukuwapo kabisa.

"Nielezeni kama mnavyomweleza mpwa wenu wa darasa la sita," alisema. "Mimi nimesomea sheria, sikusomea vijidudu. Wizi uko wapi?"

"Si wizi, afande," alijibu Dakta Shafayet Pramanik, mwanamume mrefu aliyejizungushia mafla shingoni. "Ni kughushi. Dakta Rehnuma aliandika matokeo ambayo hayakutokea."

Dakta Rehnuma Shikdar alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, mikono imefichwa ndani ya shali. Kwa siku tisa alikuwa amepigwa marufuku kukanyaga maabara ile. Leo aliruhusiwa, lakini mbele ya macho ya polisi, na asiguse kitu. Alhamisi saa nane mchana bodi ya taasisi ingekaa kuamua kama afukuzwe na kushtakiwa. Leo ilikuwa Jumatatu.

"Anza wewe," Inspekta alimwambia. "Ulifanya nini mwezi wa Mei?"

"Apa, dada yangu, unakijua kifaduro?"

"Nimelea watoto wawili. Nakijua."

Rehnuma akatoa mkono mmoja kwenye shali, kwa sababu hakuwa mtu wa kueleza jambo bila mkono. "Mtoto anavuta hewa, kijidudu kinaingia. Kule ndani kinakuta njia ya hewa imetandikwa seli, na seli zina vinywele vinavyopiga kama mafagio. Vinasukuma uchafu juu, mpaka kooni. Kijidudu kisichoshika kitu kinafagiwa, mtoto anakimeza, mambo yamekwisha. Kwa hiyo kazi yake ya kwanza, kabla ya sumu, kabla ya kikohozi, ni kushika. Kina nyuzi mwilini, nyembamba sana. Hizo ndizo mikono yake. Kinakamata vile vinywele na hakiachii."

"Kama kupe."

"Kama kupe hasa. Nilichukua seli za njia ya hewa ya binadamu, ambazo tunazikuza hapa kwenye vibakuli, nikazimwagia vijidudu. Nikaosha, nikapaka rangi, nikahesabu chini ya hadubini. Kila seli ilikuwa imeng'ang'aniwa na vijidudu kama arobaini. Nikarudia, ila safari hii nilivichovya kwanza kwenye majimaji ya damu ya kina mama waliochanjwa wakiwa na mimba. Vikashika vitatu tu. Ile chanjo ya mama inavifunga mikono, Apa. Mtoto anazaliwa akiwa na kinga tayari."

"Na kwa sababu ya hesabu hiyo," Inspekta alisoma kwenye jalada lake, "wajawazito wa vijiji kumi na vinne vya visiwa vya mto Padma walianza kuchanjwa."

"Walianza. Sasa wamesimamishwa." Mkono ukarudi ndani ya shali.

Inspekta akamgeukia Shafayet. Huyu alizungumza akitazama daftari lake la kahawia. "Taratibu zetu zinataka mtu wa pili arudie kazi. Nilirudia mwezi wa Desemba. Bila damu ya mama, vilishika viwili. Pamoja na damu ya mama, viwili. Nikarudia tena na tena. Havishiki. Sasa kama havishiki toka mwanzo, hiyo damu imezuia nini?"

Aliyasema bila raha. Mtu anayemtumbukiza mwenzake kwa furaha huwa na maneno mengi, na Shafayet alikuwa akiyatoa moja moja kama anayeng'olewa meno.

"Vijidudu ni vilevile?"

"Mbegu moja, friza moja."

"Seli?"

"Zilezile. Mashine zilezile. Chupa zilezile."

"Kuna kitu kinachoweza kukifanya kijidudu kikunje mikono yake?"

"Baridi," alisema Rehnuma.

"Chumvi ya haluli," alisema Shafayet wakati uleule. Wakatazamana, kisha kila mmoja akatazama kwingine.

"Kikilelewa kwenye baridi," Rehnuma alifafanua, "kinajua hakimo mwilini mwa mtu, basi nyuzi hakizitoi. Chumvi ya haluli ikizidi nayo inakihadaa vivyo hivyo. Yote yako vitabuni, kila mwanafunzi wetu anayajua."

"Baridi haipo," Shafayet alidakia. Akaonyesha sanduku la chuma kwenye kona, kubwa kama friji, likitikisa chupa zake taratibu. Mbele lilikuwa na kitufe cha duara kilichoelekezwa kwenye namba thelathini na saba. "Hapo ndipo tunapovilea. Joto la mwili. Hicho kitufe hakuna anayekigusa, mwaka mzima."

"Na chumvi?"

"Ipo stoo."

Inspekta akasimama. Baridi haina nia mbaya. Chumvi lazima iwe na mtu wa kuimimina, na yeye kazi yake ilikuwa kutafuta watu.

Stoo ilikuwa chumba chembamba chenye harufu ya kadibodi. Chupa ya chumvi ya haluli ilikuwa rafu ya pili, nyuma ya glavu za mpira. Inspekta akaisoma lebo, akaisoma karatasi ya matumizi iliyoning'inia kando yake, akaitikisa chupa. Karatasi ilisema zimetumika gramu ishirini. Chupa ilikuwa nusu.

"Nani ana ufunguo wa hapa?"

"Mimi," alisema Shafayet. "Na Golapi Khala, mhudumu wetu. Rehnuma alinyang'anywa wake."

"Kwa hiyo uliporudia kazi ya mwenzako, chumvi ilikuwa chini ya ufunguo wako." Inspekta aliirudisha chupa rafuni polepole. "Nani alitarajiwa kuwa mkuu wa idara mwaka huu?"

"Rehnuma."

"Na sasa?"

Shafayet alilegeza mafla. "Mimi. Afande, unasema nimeharibu jaribio langu kwa mkono wangu?"

"Sijasema kitu. Nauliza nusu chupa imekwenda wapi."

"Sijui! Wallahi sijui. Unadhani napenda haya? Huyu tumesoma pamoja. Mama yake ndiye aliyenipikia nilipokuwa naugua homa ya matumbo!"

Rehnuma, mlangoni, aliinamisha kichwa.

"Niitieni huyo mhudumu," Inspekta aliagiza.

Golapi Khala aliingia na ndoo na tambara, mwanamke mfupi wa miaka sitini hivi, sari yake ameipandisha juu ya soksi nene za kiume. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya pili. Kwa Inspekta hilo lilitosha.

"Khala, chumvi hii unaijua?"

"Naijua, mwanangu."

"Inakwenda wapi?"

Yule mama aliweka ndoo chini. "Miguuni," alisema.

"Miguuni wapi?"

"Miguuni pangu. Baridi ikianza, vifundo vinavimba kama viazi. Muuza dawa wa sokoni akaniambia, tia chumvi ya haluli kwenye maji ya moto, loweka. Nami hapa naona chupa nzima imekaa inakula vumbi."

"Khala, hiyo ni mali ya serikali."

"Serikali nayo inaumwa miguu?"

Shafayet alikohoa ndani ya mafla. Inspekta alikaza midomo isimsaliti, akadai kuona ushahidi, na Golapi akamwongoza hadi chini ya sinki, akatoa kopo la biskuti lililofungwa kwa mpira. Walilipima kwenye mizani ya maabara. Ukijumlisha iliyokuwamo koponi na iliyobaki chupani, zilipungua gramu sitini tu, sawa na vijiko vichache vilivyomwagwa na maji ya miguu.

"Utanifukuzisha kazi, mwanangu?" Golapi aliuliza.

"Utairudisha chupani, na kesho utanunua yako sokoni. Mimi nachunguza kughushi, sichunguzi vifundo."

Golapi alishusha pumzi ndefu, akamshika Inspekta kidevuni kama mtoto, akaenda kuchemsha chai. Shafayet alikuwa amekaa juu ya sanduku la mbao, amelegea mwili mzima.

"Umefurahi," Inspekta alimwambia.

"Nimefurahi, afande. Kwa dakika kumi nilikuwa mhalifu."

"Mwenzako ana siku tisa."

Shafayet aliinuka, akafunga stoo.

Inspekta alirudi kwenye madaftari. Mshukiwa wake pekee alikuwa amemponyoka, na hapo ndipo huwa anaanza kusoma upya, mstari kwa mstari, kidole kikitangulia. Chai ya tangawizi ililetwa. Kwenye la bluu, la Rehnuma, alisoma Mei, akasoma Juni, akafika Oktoba, kidole kikasimama.

"Tarehe ishirini na sita Oktoba. Vijidudu sita kwa seli. Pembeni umeandika kwa wino mwekundu: *Sijui kwa nini. Nitarudia.* Hii ni nini?"

"Iligoma siku hiyo, Apa. Wiki iliyofuata ikarudi arobaini na moja."

"Kwa nini hukuichana karatasi?"

Rehnuma alimtazama kana kwamba swali halikuwa la Kibangla. "Si ilitokea?"

Inspekta aliurudia mstari ule kwa kidole. Alishawakamata waghushi wengi, wa hati za ardhi, wa vyeti vya ndoa, mmoja wa cheti cha kifo chake mwenyewe. Hakuwahi kumwona aliyejiandikia aibu kwa wino mwekundu na kuiacha. Aliikumbuka pia wiki ile ya Oktoba. Tufani lilitoka Ghuba ya Bengal, mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, naye alisimama kando ya reli akilinda maiti huku meno yakimgongana.

Akavuta daftari la kahawia. "Dakta Shafayet, mwenzako anaandika supu ya kulelea vijidudu ilichafuka, yaani vilikwisha kukua, siku ya pili. Ya kwako, siku ya nne. Ya nne tena. Ya tano. Kwa nini ulichelewa?"

"Vijidudu hivi ni vivivu kukua. Nilidhani mbegu imechoka."

"Hata mtindi wangu umechoka," alisema Golapi, akikusanya vikombe. "Siku za joto nikiutega jioni, asubuhi umeganda. Mwezi huu usipoufunika mfarishi mzito, siku ya pili bado ni maziwa."

Inspekta aliinua kidole daftarini, akageuka. Sanduku kwenye kona liliendelea kutikisa chupa zake.

"Leteni kipimajoto," alisema Inspekta.

"Lakini afande, kitufe kiko kwenye thelathini na..."

"Kitufe kinasema unachotaka. Hakisemi unachopata. Leteni kipimajoto."

Shafayet alikileta, akakitumbukiza kwenye chupa ya maji safi, akaiweka ndani ya sanduku kando ya chupa ya vijidudu aliyokuwa akiilea tangu Ijumaa, akafunga mlango. Walingoja robo saa kwa saa ya Inspekta. Alipoitoa, Shafayet alikisoma kipimajoto, akakifuta kwa kidole, akakisoma tena.

"Ishirini na mbili."

Rehnuma alisogea akakisoma mwenyewe, bila kukigusa.

Inspekta alikuwa amekwisha kuinama mbele ya sanduku. "Na hii taa ndogo, chini ya kitufe?"

"Inawaka joto likiwashwa," alisema Shafayet. "Iliungua Februari mwaka jana. Tuliandika barua ya kumwita fundi, hakuja."

"Iliungua, au ilizimika?"

Fundi wa umeme alipatikana mchana, baada ya Inspekta mwenyewe kumpigia simu na kutaja cheo chake mara mbili. Alifungua mgongo wa sanduku kwa bisibisi, akamulika tochi, akaguna. Waya wa joto ulikuwa umekatika. Na pale ulipokatikia, amelala kwa kunyooka, mkavu kama jani, alikuwa mjusi wa ukutani.

"Aligusa huku na huku kwa mpigo," fundi alieleza. "Akaenda na waya."

"Lini?"

"Kwa ukavu huu, dada, si leo wala jana. Na taa iko kwenye waya huohuo. Ilizima siku aliyokufa."

Rehnuma alikuwa amesogea mbele, shali imemwanguka mabegani wala hana habari. "Tangu Februari halipashi moto," alisema upesiupesi. "Mwezi wa Mei chumba hiki kinafika thelathini na tano madirisha yakifungwa, ongeza joto la mota inayotikisa. Mji wenyewe ndio ulionilelea vijidudu! Na Oktoba lile tufani... Shafayet bhai, kaka yangu, Oktoba!"

"Na Desemba," alisema Shafayet. Alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili. "Nilivilea kwenye baridi. Vilikunja mikono. Nikakuita mwongo."

"Bado," alikatiza Inspekta. "Hayo ni maelezo mazuri. Bodi haitaki maelezo mazuri, inataka ushahidi. Tutavilea upya, kwa joto la kweli, na wewe Rehnuma hutagusa hata mfuniko."

Idara ya chini ilikuwa na kabati la joto linalofanya kazi. Inspekta alilipima kwa vipimajoto viwili kabla ya kuliamini: thelathini na saba. Shafayet aliotesha vijidudu humo kwa mikono yake Jumatatu hiyohiyo. Jumatano asubuhi supu ilikuwa imechafuka. Siku ya pili, kama lilivyosema daftari la bluu.

Mchana huo Shafayet alizimwagia seli vijidudu vya namna tatu: vilivyolelewa kwenye sanduku bovu, vilivyolelewa kwenye joto, na vya joto vilivyochovywa kwenye damu ya kina mama. Akaosha, akapaka rangi. Kisha Inspekta akamtoa nje. Peke yake, mlango umefungwa, alibandua lebo kwenye slaidi tisa na kubandika herufi alizozichanganya kama karata. Orodha ya siri aliiandika kwenye karatasi moja, akaitia bahasha, akaipiga lakiri nyekundu yenye muhuri wa polisi. Bahasha ililala kwenye kabati la chuma la kituo.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Shafayet aliketi mbele ya hadubini. Rehnuma alikuwa nje kwenye benchi la ukumbini, Golapi pembeni yake amemshikilia mkono na kumlazimisha kula keki ya mchele iliyokuwa bado ikitoa moshi.

"Soma," alisema Inspekta, kalamu tayari.

"Slaidi A. Seli ya kwanza, kimoja. Ya pili, hakuna. Ya tatu, viwili." Alihesabu seli hamsini bila kuinua uso. Wastani ulikuwa kijidudu kimoja na kitu. Akachomoa slaidi, akaingiza ya pili, akarekebisha, kisha akarekebisha tena.

"Soma, Dakta."

"Slaidi B. Seli ya kwanza, thelathini na nane."

"Ya pili?"

"Arobaini na nne. Afande, vimejazana kwenye vinywele kama nyuki."

"Sitaki nyuki, nataka namba."

Alisoma namba kwa saa mbili na nusu. Mafla aliivua na kuitupa sakafuni. C ilikuwa na vitatu. D ilikuwa na arobaini. Alipomaliza ya tisa, Inspekta alivunja lakiri mbele yake, akafungua orodha, akaiweka kando ya hesabu. Hakukuwa na haja ya kuisoma kwa sauti. Slaidi za sanduku bovu: kimoja, kimoja, viwili. Za joto la kweli: arobaini na moja, arobaini, thelathini na tisa. Za joto na damu ya kina mama: vitatu, vitatu, viwili.

"Hakuna aliyeghushi," alisema Inspekta. Katika miaka kumi na tisa ya upelelezi, ni mara chache alipata nafasi ya kuisema sentensi hiyo, akaona inastahili kurudiwa. "Hakuna aliyeghushi. Na wewe hukumsingizia. Mmoja aliandika alichokiona, na wa pili naye aliandika alichokiona."

Shafayet alifika mlangoni kwa hatua tatu. Kama alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, yalimpotea yote. "Rehnuma," aliita, "njoo uone. Vinashika. Njoo, vinashika!"

Kilichosikika kwanza ukumbini ni Golapi akimshukuru Mungu kwa sauti ya kuamsha jengo zima. Rehnuma aliingia akiwa bado na kipande cha keki mkononi. Akaitazama orodha, akamtazama Inspekta.

"Kwa hiyo naweza kurudi, Apa?"

"Bodi ndiyo itakayokuruhusu. Lakini sioni watakupinga kwa lipi. Mkurugenzi nilimpigia simu jana. Ameniambia bodi ikisaini tu, wachanjaji wanarudi visiwani Jumamosi."

Rehnuma aliweka keki juu ya daftari la bluu, akajifuta macho kwa kiganja, akacheka, akajifuta tena. Shafayet alisimama kando amekunja mikono kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Rehnuma, mimi..."

"Ulirudia mara tatu," alimkatiza. "Ningekuwa wewe, ningeandika hivyohivyo. Sogea nione."

Alikaa kwenye stuli, akainama kwenye hadubini. Slaidi B ilikuwa imerudishwa pale. Mabega yake, yaliyokuwa yamepanda tangu Jumatatu, yalishuka kidogo kidogo. Alihesabu kimya, midomo ikicheza.

"Seli ya kwanza umeandika ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Ni thelathini na tisa."

"Thelathini na nane, Rehnuma. Nimehesabu mara mbili."

"Kuna kimoja huku ukingoni."

"Hicho cha ukingoni ni doa la rangi."

"Doa lenye umbo la kijidudu?"

"Wewe kila doa kwako ni kijidudu! Toka tukiwa mwaka wa pili!"

"Na wewe toka mwaka wa pili unahitaji miwani. Kaa hapa. Tazama. Hapa, juu ya unywele huu, huoni kimeng'ang'ania?"

Inspekta Dilruba alifunga jalada lake, akavaa shali, akawaaga. Hawakumsikia. Alikwenda peke yake kuonana na bodi, na alipofika mwisho wa ukumbi bado walikuwa wakibishana.